Fuata Maji: Jinsi ya Kuishi Kisiwani Mpaka Mwili Ukubali

Niliporudi Jambiani, kijiji chetu cha pwani ya mashariki ya Unguja, mwaka 2019, baada ya miaka kumi na tisa ya Dar es Salaam, nilishuka kwenye daladala na mabegi mawili na mfuko wa dawa. Sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 11.4, presha 158 kwa 96. Kila aliyekuja kunipokea aliniambia lile lile: umefika nyumbani, upepo wa bahari utakutengeneza. Nikaamini. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nimeongezeka kilo sita.

Upepo ulikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa. Asubuhi chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari na chapati mbili, saa nne vitumbua vya jirani, mchana wali wa nazi, na nikitaka kwenda dukani naita bodaboda, njia ambayo bibi yangu aliitembea na ndoo kichwani. Chipsi zimefika kijijini, soda zimefika, vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu navyo vimefika. Mtu anaweza kuishi hatua hamsini kutoka baharini na akawa na maisha ya ofisini Kariakoo.

Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyafanya baada ya mwaka ule. Nayaandika kwa aliyerudi kama mimi, kwa aliyehamia Unguja, Pemba, Mafia au Lamu kwa kazi, na kwa mwenyeji aliyeizoea bahari mpaka haioni tena.

Kwanza, jua maji yako saa ngapi

Shangazi yangu amevuka miaka sabini na anatembea kuliko mimi. Siku moja nilimuuliza, shangazi, wewe mazoezi yako ni yapi? Aliniangalia, akasema, "Mazoezi gani, mwanangu? Mie nafuata maji."

Nilichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba alikuwa amenipa ratiba kamili. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka hadi karibu mita nne, na upande wetu wa mashariki bahari yote hurudi nyuma mpaka karibu na mwamba. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hurudi kidogo tu. Ukijua leo ni mwezi ngapi kwa tarehe ya Kiislamu, unajua maji yatakuwa makavu saa ngapi bila kushika simu.

Kwetu huku hesabu ni hii. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, maji huwa makavu kama saa nne asubuhi. Ongeza dakika hamsini kwa kila siku inayofuata. Kwa hiyo mwezi nne au kumi na tisa yanakauka mchana wa jua kali, na mwezi nane au ishirini na tatu yanakauka alasiri, kama saa kumi. Ikifika mwezi kumi na moja, na tena ishirini na sita, kupwa kwa alfajiri kumesogea mpaka karibu saa moja asubuhi, na hapo duru inaanza upya.

Mimi nimeigawa hivi. Siku ambazo maji yanakauka asubuhi, yaani mwezi kumi na moja mpaka kumi na nne, na ishirini na sita mpaka kuandama, natembea ufukweni kabla jua halijakaza. Mchanga uliotoka kwenye maji ni mgumu, unabeba mguu, haukuchoshi kama mchanga mkavu wa juu. Siku ambazo yanakauka alasiri, natoka baada ya swala ya alasiri na kurudi kabla ya magharibi. Na zile siku ambazo yanakauka saa sita au saa saba mchana, sitembei ufukweni kabisa, kwa sababu siku hizo hizo bahari inakuwa imejaa alfajiri na jioni. Hizo ndizo siku zangu za kuingia majini.

Kwa namna hii sijawahi kukosa la kufanya, na sirudii jambo moja mpaka likanichosha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki. Mwendo wangu wa asubuhi ni dakika arubaini na tano, mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Siku nne zimeshavuka.

Misimu nayo usiisahau. Wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, kuna baridi na upepo unasukuma. Nenda kwanza ukiupinga, urudi unakusindikiza. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, joto halina huruma, basi punguza muda na utoke mapema zaidi. Masika mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, mimi naenda shambani kupalilia ikikatika. Ardhi yetu ni maweni, jembe kubwa halipiti, unafanya kazi umeinama kwa kijembe kati ya jiwe na jiwe. Mgongo na mapaja hupata haki yao.

Kuingia majini

Wanawake wengi wa pwani tumezaliwa na bahari mlangoni na hatujui kuogelea. Nami nilikuwa hivyo. Nilianza kwa kutembea tu, maji ya kiunoni, hatua mia kwenda na hatua mia kurudi. Kwa mwenye magoti mabovu hakuna kitu bora kuliko hiki: maji yanakubeba uzito, na papo hapo yanakupinga unaposonga. Baada ya miezi miwili ndipo binti wa kaka yangu alinifundisha kuelea chali, mkono wake chini ya mgongo wangu, mpaka siku moja akautoa bila kuniambia.

Usiingie peke yako. Usivuke kifua mpaka ujue kuogelea vizuri. Usivae dera, likilowa ni zito kama gunia; vaa suruali nyepesi na blauzi ndefu ya kitambaa kisichobeba maji, stara inabaki na miguu inakuwa huru.

Ukienda mbali wakati maji yamekupwa, ondoka yakiwa bado yanatoka na geuza yakisimama. Bahari inaporudi haiji mbele yako tu. Inajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, na wewe uliyesimama kwenye mchanga ulioinuka unaona bado kukavu.

Miguu, hasa kama una sukari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nilikosea.

Mwaka 2020 nilikuwa natembea pekupeku. Niliona ndiyo asili. Asubuhi moja nilipita kwenye miamba ya upande wa kusini, na gamba la chaza likanikata chini ya kidole kikubwa cha mguu wa kushoto. Sikusikia. Nilifika nyumbani, nikapika, nikasali, na jioni nilipokaa barazani mtoto wa jirani ndiye aliyesema, "Bibi, mguu wako unatoka damu." Kidonda kidogo kama punje ya mchele. Kikachukua wiki saba kufunga, kwa kusafishwa kila siku ya pili, na muuguzi aliyekuwa akinisafisha aliniambia wazi kwamba sukari yangu ingekuwa juu zaidi ningeweza kukatwa kidole.

Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua hisia za miguu na inachelewesha kidonda kupona. Pwani yetu ina chaza zenye makali, ina matumbawe, ina vile vidude vyeusi vya miiba mirefu vinavyojificha kwenye majani ya bahari. Kwa hiyo vaa viatu vya mpira vilivyofunika vidole na vyenye soli nene. Champali hazitoshi, zinavuka mguuni kwenye tope. Ukirudi, osha miguu kwa maji ya baridi, kausha katikati ya vidole, kisha igeuze nyayo uziangalie kwenye mwanga. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni. Mimi hufanya hivi kila jioni kabla ya magharibi, wakati wa kutawadha, ili nisisahau.

Jambo jingine: koa hai mwenye umbo la pia, mwenye gamba zuri la madoa, usimwokote. Wapo wenye sumu ya kuua mtu. Waonye na wageni, wao ndio huwa wanainama kuokota.

Jikoni

Niliponunua mashine ya kupima sukari nilifanya jambo ambalo nakushauri ulifanye na wewe. Kwa wiki tatu nilipima saa mbili baada ya kila mlo na kuandika kwenye daftari. Sahani ya wali wa nazi iliyojaa: 14. Vipande vitatu vya muhogo na mchicha mwingi na samaki: 9. Chapati mbili na chai: 13. Mwili wako si wangu, namba zako zitakuwa nyingine, lakini utajua ni chakula gani kinakudhuru bila kubishana na mtu.

Watu husema vyakula vya asili havina madhara. Muhogo, majimbi, viazi vikuu, shelisheli, ndizi mbichi, vyote bado ni wanga, na ukijaza sahani vitakupandisha. Uzuri wake ni kwamba vinashibisha haraka na havipiti kwenye mafuta. Mimi naweka kiasi cha ngumi yangu. Nusu ya sahani ni mboga: mchicha, matembele, kisamvu, mchunga. Mchunga ni mchungu kweli, na vijana wanaukimbia, lakini ukiuchanganya na mchicha na tungule mbili unakaa vizuri.

Nazi ndiyo iliyonipa kazi kubwa, kwa sababu mimi ni mtu wa huku na chakula kisicho na nazi naona hakijaiva. Tui lina mafuta mazito, na zamani nilikuwa namimina lote. Sasa nafanya hivi. Nazi moja naikuna kwenye mbuzi. Natia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, nafikicha, nakamua: hilo ndilo tui zito, naliweka pembeni. Machicha nayatia tena vikombe viwili vya maji, nakamua: hilo ni tui jepesi, jeupe lililopauka. Muhogo wote unaiva kwa tui jepesi, pamoja na kitunguu, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, na thomu. Ukishaiva, moto nauzima karibu wote, natia vijiko vitatu tu vya kulia vya tui zito, nazungusha sufuria bila kukoroga. Harufu inapanda ile ile. Aliyekaribishwa hajui tofauti. Tui zito lililobaki nampelekea jirani mwenye watoto wanaokua.

Chumvi nayo nilikuwa naitia kwa mkono. Kipimo kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ndani imo hata ile iliyokuja na mkate na dagaa. Nikaanza kutia kwa kijiko cha chai, na nusu kijiko kwa sufuria ya watu watatu. Wiki mbili za mwanzo chakula kilikuwa kama maji. Kilichonisaidia ni ndimu, ukwaju, embe mbichi, tangawizi na bizari. Ulimi ukipata uchachu hauulizi sana chumvi. Ng'onda na papa mkavu nimeviacha kwa siku maalumu, na nikivipika navirowesha usiku kucha na kumwaga maji mara mbili. Kumbuka pia kisima chako. Visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvichumvi. Ukinywa hayo, na kupikia hayo, unatia chumvi bila kuiona. Ya kunywa nachukua ya bomba au navuna ya mvua.

Samaki sina mengi ya kumwambia mtu wa kisiwani. Nunua wadogo: vibua, dagaa, tasi. Vibua vina mafuta mazuri kwa moyo na bei yake haiumizi. Angalia jicho liwe angavu, matamvua yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Choma au pika kwa ukwaju. Kukaanga kumeingia sana kwa sababu ya haraka, na mafuta yale yale yanatumika siku tatu.

Pweza ni kitoweo bora, kina nyama na hakina mafuta. Baadhi ya vijiji vya pwani yetu vimekuwa vikifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu ili pweza wakue, kisha unafunguliwa na watu wote wanaingia. Kijiji kikifunga, heshimu. Anayevizia usiku anaiba kwenye sahani ya wenzake.

Vinywaji, kwa haraka. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vinane au tisa vya chai. Dafu lina sukari kidogo kuliko hiyo lakini si maji. Moja linatosha, na mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza kwa sababu lina potasiamu nyingi. Tunda lile kwa meno badala ya kulisaga. Chai nilishusha nusu kijiko kila mwezi, kutoka vine, na sasa nakunywa ya rangi na mchaichai na iliki bila sukari. Ilinichukua miezi minane. Aliyejaribu kuacha siku moja namjua, alirudi kwenye vijiko vine kabla ya Ijumaa.

Usiku

Tuko karibu na mstari wa ikweta, jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima. Mwili unapenda mpangilio kama huo. Nakula baada ya magharibi, kidogo, na baada ya isha sili tena. Dar nilikuwa nakula saa nne usiku na kulala saa saba, na sukari ya asubuhi ilikuwa juu hata nikishinda sijala. Simu inalala jikoni. Kama huwezi mengine yote, anza na hili la kula mapema.

Barazani pia ni sehemu ya tiba, nami nilikuwa naidharau. Mwaka wa kwanza nilijifungia ndani, naona haya kwa unene na maradhi. Wenzangu wa kutembea niliwapata barazani. Wawili kati yao nao walikuwa na presha, na hawakuwa wamemwambia mtu.

Kwa kina mama wa mwani

Haya ya kutembea hayawahusu ninyi. Kazi ya mwani ilianza hapa kwetu na kijiji jirani cha Paje mwaka 1989, na tangu wakati huo wapo wanawake ambao kila bamvua huinama majini saa nne au tano kwenye jua, kisha wanabeba mwani mbichi kichwani. Nimesikia wageni wakiwaambia wafanye mazoezi. Mnachohitaji ni kingine: kula kabla ya kushuka na kubeba maji ya kunywa, kofia pana juu ya mtandio, mikono mirefu, kunyoosha mgongo kila mnapomaliza kamba moja, na kuukokota mwani ukiwa unaelea maji yanapojaa badala ya kuubeba. Siku za maji mafu, pumzikeni kweli. Msizijaze kuni na kufua za wiki nzima.

Dawa na vipimo

Sikuacha dawa. Narudia kwa sababu najua wengi wanaoacha wakishaona mwili umekuwa mwepesi: sikuacha dawa. Nilikwenda kliniki kila mwezi na daftari langu, na daktari ndiye aliyepunguza, mara ya kwanza baada ya miezi kumi na nne. Ukianza kutembea na kula kidogo huku dozi ni ile ile, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho la baridi, mikono kutetemeka, macho kuona giza. Mimi natembea na tende tatu kwenye fundo la kanga. Mwenye kutaka kufunga, sunna au Ramadhani, azungumze na daktari wiki kadhaa kabla.

Mwezi uliopita sukari ya asubuhi ilikuwa 6.8 na presha 132 kwa 84. Kilo nimepunguza kumi na moja. Bado nina kisukari.

Ukitaka kuanza wiki hii, usinunue kitu isipokuwa viatu. Muulize mzee au mvuvi leo ni mwezi ngapi na maji yanakauka saa ngapi. Andika kwa chaki nyuma ya mlango. Kesho andika tena, utaona tofauti ya zile dakika hamsini. Siku ya tatu hutahitaji kuuliza. Utahesabu, utatoka, na ukifika chini mwambie aliye karibu nawe unarudi saa ngapi.